Toba Niliyoikataa

Waliponiita mbele ya baraza la wazee wa kanisa na kuniambia nitubu dhambi ya kutafuna muguka, nilicheka. Wazee wa kanisa hawapendi kuchekwa. Tena nilicheka nikiwa na njugu karanga mdomoni, na njugu hizo ndizo walizozishika kuwa ushahidi mkubwa.

Muguka ni majani. Ni ndugu wa miraa, na hulimwa kwetu Mbeere, huko chini kwenye joto. Mtu huyajaza shavuni akayatafuna polepole, na kwa kuwa ni machungu huyachanganya na njugu au bablish, ile pipi ya kutafuna. Akizidisha, usingizi unamkimbia, macho yanamtoka, moyo unamwenda mbio, mikono inamtetemeka, anakonda, na akianza kuongea hamalizi. Mimi nimezaliwa Ishiara, na nimeyachuma majani hayo tangu kimo changu kilipofikia matawi ya chini. Sijawahi kuyaweka mdomoni. Marehemu mama alituapia kwamba atakayeonja atakula pia fimbo, na mama hakuwa mtu wa kujaribiwa.

Kisha nikaolewa Kanja, huku juu kwa wakulima wa kahawa na majani chai, watu wa sweta, ambao wanaamini kila mtu wa Ishiara alizaliwa na jani shavuni. Mume wangu ni Nyamu, seremala, mtu mpole hata mbao humtii bila kelele. Mtoto wetu ni Muturi, ndiyo sababu wananiita Mama Muturi, ingawa jina langu ni Rwamba. Na kwaya ya kanisa letu ni yangu. Sisemi hivyo kwa kiburi, au basi nasema kwa kiburi kidogo. Niliikuta kila mtu akiimba wimbo wake, nikaifinyanga mpaka makanisa ya Runyenjes yakaanza kutualika kwenye harambee zao. Ukitaka kunijua mimi ni nani, usinitafute nyumbani. Nitafute Jumapili nikiwa nimesimama mbele ya wale watu, mikono juu.

Mwaka jana mikono hiyo ilianza kunisaliti. Ilitetemeka, kwanza kidogo, kisha mpaka waimbaji wa alto wakawa hawajui kama nimewaita au nimewanyamazisha. Nikaanza kuongoza huku viwiko nimevibana mbavuni kama mtu mwenye baridi, na baridi sikuwa nayo. Mwezi wa saba, Kanja nzima imejifunga blanketi, mimi nilikuwa nalala nimejifunika leso tu na bado natoka jasho. Moyo ulinipiga hata nikiwa nimekaa. Nilikuwa na hasira za karibu, na hasira zangu za kawaida si za mbali. Nywele zilikatika. Na njaa! Nilikula chakula cha watu wawili, nikafuatisha ndizi, nikaweka njugu mfukoni za kunisindikiza njiani, na bado sketi zilikuwa zinanidondoka.

Nilienda dispensari. Walinipima malaria, hamna. Wakanipima homa ya matumbo, hamna. Sukari, hamna. Mhudumu aliyeniona akanitazama macho, akatazama mikono, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Ishiara akatabasamu kama mtu aliyepata jibu la kitendawili.

"Mama, punguza majani," akasema. "Utakuwa sawa."

Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imefika. Aliyeibeba ni Mwalimu Munene, mkuu wa shule mstaafu na katibu wa baraza la wazee, ambaye pia huimba besi katika kwaya yangu, nusu sauti chini ya wenzake, na ambaye hakunisamehe siku nilipomwambia hivyo mbele ya watu. Kwa Mwalimu Munene mambo yalikuwa wazi. Mama Muturi amepimwa magonjwa yote na hana hata moja. Hapati usingizi. Anatetemeka. Anatafuna njugu kutwa. Na kwao ni Ishiara.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alikuwa akisema, na watu wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa vipimo vitatu tu. Vile vilivyosema sina malaria, sina homa ya matumbo, sina sukari, ndivyo vilivyogeuka mashahidi wa kunishtaki.

Sasa mniruhusu niwaeleze desturi ya kanisa letu, maana bila hiyo hamtaelewa nilichokuwa nadaiwa. Kwetu mtu akianguka, husimama mbele, upande wa kushoto wa mimbari, na kuitaja dhambi yake kwa jina. Hakuna kuzungukazunguka. Kama ulilewa, unasema nililewa. Kama ulipiga mkeo, unasema nilimpiga mke wangu. Ukishataja, watu wanaimba, wanapita mmoja mmoja kukupa mkono, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena. Ni desturi nzuri. Nimeona wanaume wakilia pale na wakaondoka wepesi. Usipotaja, unakaa nje ya huduma yoyote ile: huimbi, husomi, huongozi.

Baraza likanipa hadi Jumapili iliyofuata. Nitaje, au niiache kwaya.

"Wewe simama tu useme," Nyamu aliniambia jioni ile tukimenya viazi. "Ni dakika tano. Watu wanakupatia mkono, mambo inaisha."

"Niseme nini, Nyamu?"

"Useme vile wanataka."

"Umewahi kuniona nikitafuna?"

Akaendelea kumenya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sijawahi kukuona. Lakini sijui ni nini inakukula, Mama Muturi. Wewe mwenyewe hujui. Na ukikosa hiyo kwaya utakufa, hiyo ndiyo najua."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililonichoma. Nilikaa pale nikijaribu maneno hayo kimoyomoyo: nilitafuna muguka. Maneno mawili. Kisha mikono yote ya Kanja ingenishika, na Jumapili ile ile ningeongoza. Nilitamani, sitawadanganya. Lakini nikafikiria mama kaburini kwake Ishiara akisikia nimesimama mbele ya watu wa sweta na kukiri kwamba ni kweli, hata yeye alishindwa kunilea. Nikakitupa kisu kwenye sufuria na maji yakamrukia Nyamu.

Alhamisi nikafunga mfuko nikaenda kwa mdogo wangu. Kawira ana kibanda huko Nchiru, Meru, karibu na chuo kikuu. Anawauzia wanafunzi chapati na madondo, yaani maharagwe, na anawajua kwa majina pamoja na masomo wanayoyafeli. Alinikaribisha kwa chapati mbili. Nikala. Akaniongezea mbili, nikala. Nilipoitazama ya tano, Kawira akaweka mwiko chini.

"Sista," akasema, "wewe unakula kama wale wavulana wa injinia, na umekonda kunishinda. Hio chakula inaenda wapi?"

"Kwetu wanasema inaenda kwa muguka."

"Wachana na wao. Inua kidevu. Inua kabisa. Sasa meza mate."

Nikameza. Kawira akasogea mpaka pua yake ikakaribia kunigusa. Akaniambia nimeze tena.

"Kuna kitu hapo kwa shingo inapanda na kushuka," akasema. "Msichana mmoja anayenunua hapa alikuwa nayo hivyo hivyo, na macho yake yalikuwa hivyo. Alipelekwa hospitali Meru mjini wakapima damu. Kesho tunaenda."

Nilikuwa nimekitazama kioo kila asubuhi kwa miezi na sikuwa nimekiona. Nilikuwa natazama macho, mashavu, nywele zinazobaki kwenye kitana. Shingo nani huitazama?

Daktari tuliyempata anaitwa Gacheri, binti mdogo mwenye sauti ya upole na mikono ya baridi. Hakuniuliza kwetu ni wapi. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, akaiwekea karatasi juu, na sote watatu tukaitazama ile karatasi ikicheza. Akasimama nyuma yangu, akanishika shingo kwa vidole, akanipa maji nimeze. Akaweka kifaa chake shingoni akasikiliza kwa muda mrefu. Akaunganisha nyaya kifuani kupima moyo. Ndipo akaketi.

"Mama, hapa mbele ya koo kuna tezi inaitwa thairoidi," akasema. "Ndiyo inaambia mwili wote uende haraka au polepole. Nadhani yako inaukimbiza mwili. Kutetemeka, jasho, njaa, kukonda, kukosa usingizi, yote inaweza kutoka hapo. Lakini kudhani si kupima. Tutatoa damu."

Jamani, nililia. Nililia pale kitini kwa sauti, Kawira akiniambia ninyamaze, maana kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amezitaja dalili zangu zote bila kutaja jani. Nikamsukumia mkono wangu pale pale, nimeshakunja na mkono wa blauzi.

"Kabla sijakutoa damu," akasema, "kuna dawa zozote unatumia? Hata za mitishamba, hata vitamini?"

Nikamwambia natumia vidonge vya nywele, nilivyouziwa dukani nywele zilipoanza kukatika. Kila siku, viwili asubuhi, viwili jioni. Akaomba kuviona. Kawira akachakura mkoba wangu akavitoa. Daktari akasoma kopo, akatikisa kichwa.

"Hizi zina biotini nyingi sana. Hiyo ikiwa kwa damu inaweza kudanganya mashine. Inaweza kuonyesha mtu asiye mgonjwa kuwa tezi yake imezidi. Acha kuzitumia leo, urudi baada ya wiki moja."

Wiki moja. Jumapili ilikuwa keshokutwa.

"Daktari," nikasema, "kama mashine inaweza kudanganya, basi si idanganye upande wangu? Toa damu leo. Mimi nataka karatasi tu."

Gacheri hakukasirika. "Na mimi nitatibu nini, mama? Nitakupa dawa kali kwa sababu ya kidonge cha nywele? Kama unaumwa, nataka tujue unaumwa. Kama ni kitu kingine, nataka tukitafute hicho kingine."

Kwa kuwa niliwahi kuugua pumu utotoni hakuweza kunipa dawa ya kutuliza mapigo, akaniambia moyo unaenda mbio lakini unaenda sawa, na nikianza kukosa pumzi nirudi saa hiyo hiyo. Nikatoka pale nimenuna hata Kawira hakuthubutu kunisemesha. Nilinuna mpaka tulipofika kibandani kwake, na hapo ndipo akili ilinirudia. Nilikuwa nimekataa toba ya uongo, kisha nikaenda kuomba kipimo cha uongo. Nikavimwaga vile vidonge chooni vyote.

Jumapili nilienda kanisani Kanja mikono mitupu. Mchungaji wetu ni mtu mwema lakini ni mgeni kwa parokia, na mgeni husikiliza wenyeji. Mwalimu Munene akasoma jina langu. Nikasimama upande wa kushoto wa mimbari. Nyamu alikuwa ameinama akiangalia viatu vyake.

"Mimi ni mgonjwa," nikasema. "Ugonjwa bado haujapimwa, lakini utapimwa. Muguka sijatafuna, na siwezi kutaja dhambi ambayo sijatenda. Mahali hapa ni pa kusema ukweli, na ukweli ndio huo."

"Mama Muturi," Mwalimu Munene akasema kwa ule upole wa mtu anayekumaliza, "hospitali si ilikupima?"

"Ilinipima malaria, mwalimu. Sikushtakiwa kwa malaria."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka na akazomewa. Hakuna aliyekuja kunipa mkono. Wakaniondoa kwenye kwaya pale pale, na siku hiyo wakaimba bila mtu wa kuongoza, nami nimekaa benchi la wanawake, njugu zangu mfukoni, nikisikiliza soprano wakiwaacha wenzao mbali. Hiyo ndiyo iliyonitoa machozi, zaidi ya maneno yote. Tulipofika nyumbani Nyamu hakusema nimefanya vibaya. Aliniwekea chakula kwenye sahani, kisha akaniongezea bila kuombwa.

Wiki ilipoisha Nyamu akafunga karakana akanisindikiza mwenyewe hadi Meru. Daktari Gacheri akaniuliza kama nimeacha vidonge. Nikamwambia viko chooni Nchiru, huenda choo kimeota nywele. Damu ikatoka, chupa mbili ndogo. Wakanilaza pia, wakanipaka shingoni jeli baridi na kupitisha mashine ya picha, na kwenye kioo nikaiona tezi yangu kwa macho yangu, imenona pande zote mbili, haina uvimbe wa kutisha ndani yake, daktari akasema, ila imechangamka kupita kiasi.

Tulilala kwa Kawira kungoja majibu. Yalipokuja, daktari alitugeuzia karatasi ili nasi tuione. Mstari wa kwanza uliandikwa TSH, na mbele yake namba ndogo sana, sifuri, nukta, sifuri, moja.

"Sifuri," nikamwambia Nyamu. "Hata huku nimepata sifuri. Hakuna kitu."

"Hapana, mama," daktari akasema, na nikamwona akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo TSH haitoki kwa tezi. Ni sauti ya ubongo ukiambia tezi ifanye kazi. Tezi ikilala, ubongo unapaza sauti, namba inapanda. Tezi ikikimbia kupita kiasi, ubongo unanyamaza, namba inashuka mpaka karibu na sifuri. Sasa angalia hapa chini. Hii T4 na T3 ndizo homoni za tezi yenyewe. Ziko juu mara nyingi kuliko inavyotakiwa."

Nilimwelewa papo hapo. Soprano wangu wakikimbia mimi pia hushusha mkono kabisa, ili wajue kuwa sipo pamoja nao. Ubongo wangu ulikuwa umeshusha mkono miezi mingi, na tezi haikuwa imemwangalia mtu.

Akanionyesha na kipimo cha tatu, cha kutafuta chanzo. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa inaichokoza tezi. Ugonjwa huo una jina, akaniandikia kwa herufi kubwa: Graves. Una dawa. Nitakunywa vidonge, nitapimwa damu tena baada ya wiki kadhaa, na tena, mpaka namba zirudi mahali pake. Nikianza kuumwa koo na homa nirudi haraka, kwa sababu dawa hizo huweza kupunguza kinga. Mikono itachukua muda kutulia.

"Na muguka?" Nyamu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Muguka inaweza kuleta namba kama hizi?"

"Muguka inaweza kumfanya mtu atetemeke," daktari akasema. "Lakini haiwezi kuandika karatasi kama hii."

Nyamu akavua kofia. Sijui kwa nini aliivua, tulikuwa ndani ya chumba cha daktari na si kanisani. Akanigeukia akasema, "Nilikuambia useme uongo. Ulikuwa mgonjwa, na mimi nilikuambia utubu." Nikamwambia avae kofia, ataugua. Lakini nilimshika mkono, na hatukuachana mpaka tukafika stendi.

Jumamosi iliyofuata mchungaji alikuja nyumbani. Alikuwa amesikia. Akasoma majibu, akauliza maswali ya maana, akaomba radhi kama mwanamume. Kisha akasema baraza limeona vyema jambo hili limalizike kimya kimya. Nirudi tu kwenye kwaya Jumapili, kana kwamba hakuna lililotokea, ili mtu asiaibike.

"Mchungaji," nikamwambia, "niliaibishwa kwa mikrofoni. Sitasafishwa kwa kunong'onezwa."

Akanitazama, kisha akamtazama Nyamu, pengine akitarajia mume atatuliza mambo. Nyamu akasema, "Mimi niko na yeye." Hivyo tu.

Kwa hivyo Jumapili nikasimama mahali pale pale, kushoto kwa mimbari. Sikusoma karatasi. Mtu anayesoma karatasi hubishiwa.

"Jumapili ile niliwaambia mimi ni mgonjwa na ugonjwa utapimwa," nikasema. "Umepimwa. Kwetu tunataja kwa jina, basi nitautaja. Ni ugonjwa wa tezi ya thairoidi, iko hapa shingoni, na unaitwa Graves. Ndio ulioninyima usingizi, ndio ulionitoa macho, ndio ulionikondesha, na ndio ulionifanya nile njugu, kwa sababu nilikuwa na njaa, watu wa Mungu. Nilikuwa na njaa tu."

Hapo wengine walicheka na wengine wakajifuta macho. Mimi nilikuwa bado sijamaliza.

"Na ugonjwa huu haupendi watu wa Ishiara peke yao. Kila mmoja amtazame jirani yake. Inueni videvu. Juu zaidi. Nikihesabu, mezeni mate, na jirani aangalie kama kuna kitu kinapanda na kushuka hapa mbele. Moja, mbili."

Nawaambia, kanisa zima lilimeza. Wazee, wamama, vijana wa nyuma, mchungaji mwenyewe akamgeukia mkewe. Nikawamezesha mara ya pili, maana besi walichelewa. Na kwenye benchi la tatu, mama mmoja aliyekuwa amevaa skafu shingoni hata siku za joto aliifungua polepole, akamwacha mwenzake aone. Goita ilikuwa imetokeza kama ngumi. Alikuwa ameificha kwa miaka akidhani ni laana ya ukoo wao. Nikamwita kwa jina, nikamwambia kesho asubuhi tunaenda pamoja kupima damu, na akaitikia kwa kichwa, skafu ikiwa mkononi.

Ndipo Mwalimu Munene akainuka. Nitamsifu kwa hilo, aliinuka mwenyewe. Akasafisha koo. "Kama kuna mtu yeyote ambaye kwa njia moja au nyingine alikwazika," akaanza, "kwa niaba ya baraza..."

"Taja kwa jina, mwalimu."

Ilikuwa sauti ya Nyamu. Mume wangu, ambaye hajawahi kuongea kanisani zaidi ya amina, alikuwa amesimama katikati ya wanaume, mikono imeshika benchi lililo mbele yake, benchi alilolitengeneza mwenyewe. "Nami nitataja yangu baada yako," akasema. "Nilimshauri mke wangu atubu uongo ili tupate amani. Lakini anza wewe."

Mwalimu Munene akamtazama, akalitazama kanisa, na kanisa likamngoja. Kisha akatoka kwenye kiti chake cha ukatibu, akaja mpaka pale niliposimama, akasimama kando yangu. Kwa karibu alionekana mzee kuliko nilivyodhani.

"Nilisema Mama Muturi anatafuna muguka," akasema. "Sikuwa nimeona. Nilimshuhudia uongo."

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo nikiwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyanoa wiki mbili. Hayakuja. Nikampa mkono. Mkono wangu ulitetemeka ndani ya wake naye akaufunika kwa ule mwingine. Nyuma yake akaja Nyamu, kisha mchungaji, kisha benchi baada ya benchi, mpaka kiganja kikaniuma na njugu zikamwagika mfukoni zikakanyagwa na waumini.

Mchungaji akasema kwaya ituongoze kwa wimbo wa shukrani. Waimbaji wakapanda kwenye nafasi zao na kunitazama. Vidonge nilikuwa nimevinywa siku chache tu, na tezi yangu ilikuwa bado inakimbia. Sikubana viwiko. Niliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, mahali ambapo hata waliosimama mlangoni waliiona ikitetemeka, na kwaya nzima ikaingia kwa sauti moja.